Dawa ya Mayai

Ndani ya taxi iliyojaa abiria kutoka Westville, Marie-Claire, msusi Mkongomani, alimsikia Pandu akiongea Kiswahili kwenye simu. "Unafanyaka kazi gani, mtoto yangu?"

Pandu akachangamka; tangu aje Durban kusoma, hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kwenye maabara ya chuo nadondosha maji ya majani ya dawa kwenye mayai yenye vifaranga, mama. Kila asubuhi naangalia kama mishipa ya damu imeongezeka."

"Inaongezeka?"

"Sana!"

Marie-Claire akainua kitenge, akaonyesha mguu uliofungwa bandeji. "Kidonda hii iko mwaka ya pili. Docteur anasema damu haifiki. Nipatie hiyo dawa."

"Bado hairuhusiwi kwa watu, mama."

Taxi ikasimama Overport. Marie-Claire akashuka taratibu, ameshikilia mlango. "Mayai yako iko na bahati. Kila asubuhi iko mtu wa kuiangalia."