Amina Iliyozuia Mkasi Wangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na wanaosafiri, na asifiwe na sisi tunaokaa nyumbani. Mimi ni fundi cherehani wa Ilemela, na mawe ya mlima wetu yanatembea kuliko mimi. Nashonea sebuleni. Ombi langu lilikuwa moja tu: Bwana, niletee wateja, ila nisitoke.

Wateja hawakuja. Nani apande mawe yote yale kwenda kupimwa gauni? Cherehani ikageuka meza ya vyombo. Ndipo mimi, na kidato cha nne changu, nikapata wazo la programu ya simu: mteja achague mshono, aandike vipimo vyake, nguo imfuate alipo. Nilichora kurasa zake kwa chaki ya kushonea juu ya maboksi. Mdogo wangu Rehema, aliyesomea kompyuta, akaitengeneza huku akinicheka.

"Dada, yaani umebuni kitu kizima ili usivae viatu?"

"Ndiyo. Tengeneza."

Ndugu zangu, oda kubwa ikaingia! Magauni ya akina mama wote wa kwaya moja ya Kirumba, ya kufungulia kanisa lao jipya. Kitenge kikaletwa na bodaboda, na dukani walisema ndicho cha mwisho. Nikikiharibu, hakuna kingine. Kwaya itaimba na sare zilizopauka, na programu yangu itazikwa siku hiyo hiyo.

Asubuhi nikatandika kitambaa. Mimi sikati bila kuomba, na nguo ya kwaya naiombea kwa jina la kila mvaaji. Nikashika mkasi, nikafumba macho: "Bwana, mbariki Mama Neema, na kiuno chake cha inchi ishirini na nane..."

Amina ikakataa kutoka!

Mama Neema namfahamu. Anauza samaki, sangara, sokoni Mwaloni, na akisimama mbele ya beseni lake, beseni halionekani. Nilikuwa namdanganya Mungu kwa sauti! Nikavisoma vipimo vyote upya. Kwaya nzima ilikuwa na viuno vya nyigu! Nikaweka mkasi chini, nikavaa viatu. Rehema alidhani kuna msiba.

Nikawakuta wanakwaya mazoezini.

"Shikamoo, Mama Neema. Nimekuja kukupima."

"Marahaba. Si nilishatuma?"

"Ulituma kiuno cha binti yako, mama. Cha kwako kilibaki."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe mwalimu wa kwaya alijaza vipimo vyote kwenye simu yake, akiwauliza mmoja mmoja mbele ya sauti ya nne nzima, wanaume tupu! Basi kila mama alibana tumbo, akataja kiuno cha enzi za kipaimara.

Tukatundika shuka pembeni, nikawapima faragha. Rehema akarekebisha programu: sasa kila mtu anajaza kwenye simu yake, vipimo anaviona fundi peke yake, na kuna kitufe cha "Fundi, njoo unipime." Hicho ndicho kinachobonyezwa kuliko vyote. Natoka, ndugu zangu, natoka mpaka kule Kisesa, nje ya mji!

Siku ya kufungua kanisa waliimba, wakainua mikono, wakaruka, na hakuna mshono uliofumuka. Haleluya! Mama Neema alicheza mpaka mbele ya madhabahu.

Namshukuru Mungu aliyenishika mkono. Na wewe unayesoma, mwamini. Mwendee ulivyo. Ukifika mbele zake, pumua tu. Usibane tumbo.