Uvimbe wa Shingoni Ulikuwa wa Nani

Asubuhi hiyo Kinyozi hakuwa na raha. Alileta kesi yake kwenye benchi la nje ya duka lake la kunyolea, wanapokaa wenzake kila siku na vikombe vya kahawa, muuza kahawa akiwa kando na birika lake. Mkewe alikuwa na uvimbe shingoni. Alipewa vidonge hospitali, akaombewa pia, na sasa uvimbe umenywea. Daktari anasema dawa ziendelee. Kule kwenye maombi wanasema kuendelea na dawa ni kumtilia Mungu shaka.

— Tangu jana nimemwambia asimeze kwanza, alisema Kinyozi. Nifuate lipi?

— Dai lolote lipimwe, alisema Maabara, mwalimu mstaafu wa sayansi. Hata maombi. Tuchukue wagonjwa, nusu waombewe, nusu wasiombewe.

— Na mama zao wakiwaombea kimyakimya? aliuliza Sauti, kiongozi wa sala asiyehitaji kipaza sauti.

— Tutawaomba wasiombe.

— Kwa hiyo na wewe unaomba.

Maabara alikunywa kahawa, kisha akasema:

— Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

— Hiyo inahusu nini? aliuliza Sauti.

— Sijamaliza kufikiri.

— Basi na sisi tukague hospitali, alisema Sauti. Kila kidonge kiulizwe kimetumwa na nani.

— Kitajibu?

— Kikikaa kimya, kimekiri.

Fundi Saa, ambaye huongea baada ya wote, aliinua kidole.

— Mnagombana bure. Wekeni mpaka. Kuanzia shingo kwenda chini ni kwa daktari. Kwenda juu ni kwa dini.

— Uvimbe uko shingoni kwenyewe, alisema Kinyozi.

— Basi uko mpakani. Mpakani kila mtu anaonyesha hati.

Walibishana hati ya Mungu inagongwa muhuri na nani. Kinyozi hakucheka. Alikuwa akifikiria usiku uliopita, alivyolala ameweka mkono shingoni mwa mkewe, asijue anapapasa muujiza au kazi ya vidonge.

Ndipo mkewe mwenyewe akatokea, mtandio shingoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Karibu. Tunasikiliza kesi yako, alisema Sauti. Sema wewe, nani amekuponya?

— Tupe ushahidi tu, alisema Maabara. Usiingize hisia.

Aliwatazama mmoja mmoja, akamalizia kwa mumewe.

— Mnasema nimepona. Kuna aliyeniuliza kama shingo bado inauma?

Sauti alichungulia kikombe chake. Fundi Saa alitafuta mpaka wake, hakuuona. Muuza kahawa alitikisa birika, lilikuwa tupu.

— Inauma? aliuliza Kinyozi.

— Nikimeza. Hata mate.

Kinyozi alivua aproni, akaitundika mlangoni. Hakuwaaga. Wakashuka pamoja barabara ya hospitali, yeye akimuuliza ni upande gani, ilianza lini, usiku je, na mkewe akimjibu moja baada ya jingine.