Bonaventura Amsi na Namna Alivyonyanyuliwa Barabarani

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zetu Waislamu mliotoka Katesh, asalaam aleikum. Mimi ni Imakulata, dada mkubwa wa marehemu. Baba mdogo Hermani alinipa wasifu ulioandikwa na kamati, unasema marehemu "aliugua kwa muda, Mungu akampenda zaidi." Baba mdogo, shikamoo nimekupa, heshima yako iko palepale, lakini karatasi yako nimewashia jiko. Mdogo wangu alivunjwa. Alivyovunjwa nitasema kabla udongo haujashuka, maana kuna mtu anabebeshwa kosa lisilo lake.

Bonaventura Amsi Sulle alizaliwa Gehandu, wilaya ya Hanang, tarehe 14 Septemba 1989, mtoto wa pili wa marehemu mzee Amsi na mama yetu Lucia. Alikuwa mbishi tangu utoto. Akiambiwa ng'ombe wamekunywa, alienda mwenyewe kutazama kama pua zao zimelowa.

Alimaliza darasa la saba hapo hapo Gehandu mwaka 2003, na kidato cha nne mwaka 2007. Matokeo hayakuwa mazuri. Wapo waliocheka, na leo ndio wanaolia kwa sauti kubwa kuliko mama yetu. Nawaona.

Alifanya kibarua kwenye mashamba ya ngano huko Basotu mpaka mwaka 2013, aliponunua pikipiki na kuwa bodaboda wa kijiwe cha sokoni Katesh. Alikuwa na kofia ngumu mbili, yake na ya abiria. Bi Sauda, muuza vitenge, alimgombeza mbele za watu: "We kijana, unanivika sufuria juu ya ushungi?" Bonaventura akamjibu, "Shikamoo mama. Usipovaa, shuka; wapo wenzangu wanaopakia vichwa vitupu." Bi Sauda alicheka, akavaa, na toka siku hiyo hakupanda pikipiki nyingine.

Vijana wa kijiwe, hamkujifunza kitu kwake. Kila msiba mnasindikiza jeneza kwa honi, watatu watatu juu ya pikipiki moja, vichwa wazi, mwingine kasimama kwenye kiti. Mnamsindikiza marehemu au mnamkimbilia? Hamna hata haya!

Tarehe 25 Aprili 2015 alifunga ndoa na Hilda katika kanisa la Mogitu. Walipata watoto wawili, Fabiola na Maximilian. Alimpenda mke wake waziwazi, mpaka sisi mawifi tukaona wivu.

Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, saa kumi jioni, kwenye barabara ya Basotu, gari la abiria lililokuwa linalipita trekta lilimgonga uso kwa uso. Dereva hakusimama, na mpaka leo hajapatikana. Kama yupo hapa chini ya turubai, wali wa msiba huu umkwame kooni.

Kofia iliokoa kichwa. Mgongo ndio uliovunjika. Nilikuwa natoka kununua samaki Basotu, nikafika nikamkuta kalala pembeni ya barabara, anaongea vizuri tu. Pascal, rafiki yake wa kijiwe, alikuwa amepiga magoti karibu naye. Pascal alisema, "Tusimguse. Tusubiri gari lenye nafasi ya kumlaza." Watu wakaguna. Mmoja akapiga kelele: "Unasubiri afe? Mpakieni!" Wakamnyanyua kwa makwapa, wakamkunja kwenye pikipiki ya Pascal, mtu mwingine nyuma yake, mshikaki kama kawaida yetu. Wakamfunga kwa khanga kwenye mgongo wa Pascal asidondoke. Aliuliza, "Miguu yangu ipo?" Mimi nikafuata kwa pikipiki nyingine. Hatukwenda hata kilomita mbili, tukapishana na pikapu tupu.

Hospitalini daktari aliuliza nani alimbeba namna hiyo, maana mfupa ulivunjika kwa ajali, lakini kukunjwa kulizidi kuumiza mishipa ya fahamu. Pascal peke yake akasema, "Ni mimi." Tangu siku hiyo anaitwa muuaji. Hilda hapokei salamu yake, na kwenye mazishi haya amemkataza kukanyaga.

Wifi yangu Hilda, aliyesema "mpakieni" ni mimi. Khanga ilikuwa yangu. Pascal alikataa mara mbili, nikamtukania mama yake mpaka akawasha pikipiki.

Bonaventura alijua, sauti yangu aliisikia. Miezi kumi na moja kitandani, miguu imekufa, vidonda mgongoni vinaingia ngumi, na mimi ndiye niliyemgeuza kila baada ya saa mbili. Nilimwambia nataka kusema. Akanijibu, "Dada, nyamaza. Hilda akikufukuza, nani atanigeuza?" Nikanyamaza. Nilipaswa kusema hata hivyo, nikajificha nyuma ya ugonjwa wake, na Pascal akaliwa nyama akiwa hai. Vidonda vilipeleka sumu kwenye damu. Alifariki nyumbani, Jumapili tarehe 2 Februari 2025, saa tatu asubuhi. Sasa hakuna wa kugeuzwa.

Nyie wote mlioguna pale barabarani mnajijua. Mtu akianguka, mwacheni chini mpaka lije gari la kumlaza. Huruma yetu ilimmaliza.

Marehemu ameacha mama, mke, watoto wawili, na dada mmoja. Mwili wake upumzike sasa, Bwana aupokee taratibu, asimkunje popote.

Pascal amesimama nje ya uzio, upande wa barabarani. Aingie, apewe koleo, atangulie kutupa udongo. Mimi natoka kusimama pale alipokuwa, na sitaingia mpaka Hilda aniite.