Amandine Iradukunda na giza la ukuta wa Nyakabere

Padri wetu, wakristu wa Nyakabere, ndugu wa Kalundu na ninyi wote mulioacha mashamba na kazi mukakuja kulia pamoja na sisi, minye Élisabeth Uwimana, koko wa marehemu, ni kusema bibi yake, sikusoma, maneno haya nimeyasema kwa kinywa, Thierry, mudogo wa marehemu, akayaandika, na ni yeye anayeyasoma, maana sauti yangu imekwisha.

Amandine Iradukunda alizaliwa hapa Nyakabere tarehe 9 mwezi wa tano 1988, mutoto wa kwanza wa Révérien na Libérate, wote wawili wamemutangulia, na mama yake alipokufa niliyemulea ni minye, alikuwa anakaa ku mukeka wangu wakati nasuka vikapu, na swali lake ambalo halijanitoka masikioni ni hili, "Koko, mbona hapa umeacha peupe?", nami nikamujibu, "Ili ile nyeusi ionekane, mama, nikisuka nyeusi pote, nitakuwa nimesuka nini?"

Alianza shule ya primaire hapa hapa mwaka 1994, vita ya 1996 ikamukatisha, tukavuka muto Ruzizi tukaishi ng'ambo, tuliporudi akarudia darasa bila kulalamika, akapata diploma yake Uvira mwezi wa saba 2009, kisha akaenda Bujumbura kujifunza kuchora kwa fundi moja anaitwa Dieudonné, ambaye kila asubuhi alikuwa anamusimamisha mbele ya tablo, picha iliyokwisha kuchorwa, na kumuuliza, "Macho yako yameanzia wapi, na kutoka pale yameenda wapi?", na swali hilo alirudi nalo nyumbani, hakuliacha mpaka kufa.

Mwaka 2011 alianza kazi ku bandari ya Kalundu, kuandika majina ya maboti, njano juu ya nyeusi ili yasomeke toka mbali, na wabeba mizigo walikuwa wanamuchokoza, "Weye mama, unasimama kutwa unaangalia mbao, iko kazi gani hiyo?", naye anacheka, anawaambia, "Ninyi mubebe na migongo, minye nabeba na macho", na kuna papa moja, muzee mwenye boti, alitaka ku boti yake simba, tai, musalaba, jina la muke wake na sura yake mwenyewe, vyote upande umoja, Amandine akamwambia, "Papa, boti hii itazama kwa uzito wa rangi mbele ya kupakia mizigo, chagua kimoja kiwe kikubwa, vingine vikisindikize", yule papa akaondoka na hasira, akarudi, akachagua jina la muke wake.

Kila Jumamosi alikuwa anafundisha watoto kuchora, lakini mbele ya kuwapa penseli aliwapa kwanza kitu cha kuangalia, aliwaonyesha kikapu changu, waone namna alama moja ikirudi na kurudi inatembeza macho, aliwaonyesha sanamu yetu ya mbao ya Bikira Maria, waone namna kichwa kinainama huku, Mutoto anakaa upande wa pili, na uzito unalingana, na mimi nilikuwa nakaa pembeni nasikia, nikasema moyoni, kumbe hivi vyote vilikuwa mu nyumba yangu.

Tarehe 7 mwezi wa saba 2012 alifunga ndoa na Bonaventure, moja wa wale wabeba mizigo waliokuwa wanamuchokoza, Mungu akawapa Gloriose, aliyezaliwa tarehe 3 mwezi wa sita 2013, na Rémy, aliyezaliwa tarehe 21 mwezi wa pili 2017, na hawa hapa, wamekaa karibu na jeneza la mama yao.

Mwezi wa nane 2024 kanisa lilimuomba kuchora ukuta huu munaouona nyuma ya altare, akachora ziwa la usiku, boti ndogo chini mu kona na taa yake, na sehemu kubwa yote giza tupu, katekista wetu Sylvestre akauliza, "Mama Gloriose, tulikuomba ziwa, umetuletea masizi?", kila mutu akacheka, naye akajibu, "Ngoja nimalize watu wa mu boti, siku ile nitawaeleza."

Siku ile haikufika, mwezi wa kumi na moja miguu ilianza kuvimba, munganga akasema ni figo, akalazwa hospitali ya Uvira, na mwezi wa pili 2025, wakati risasi zilikuwa zinalia mujini na wagonjwa wengine wanakimbia, Bonaventure alibaki naye, hakuondoka pembeni ya kitanda.

Ninyi munajua desturi yetu ya huku bondeni, mutu akiugua shamba lake likiwa limelimwa nusu, jirani wanaingia na majembe, wanamulimia mpaka mwisho, bila kuombwa, na hivyo ndivyo wamama wa shirika la kanisa na Sylvestre walivyofanya, waliona ukuta umebaki mutupu, wakasema mugonjwa wetu hakumaliza, wakaleta rangi, wakajaza samaki, maua, malaika na nyota, na siku ya Pasaka, akiwa ametoka hospitali, alipoingia kanisani ananiegemea, walimupigia vigelegele, naye akawakumbatia wote, moja moja, akawaambia asante.

Ila tulipofika nyumbani alilia, akasema, "Koko, macho yangu hayana kwa kuanzia, taa imepotea", nikataka kusimama niende kuwaambia, akanishika mukono, "Wacha, walinilimia kwa upendo, ukiwaambia nikiwa hai watasikia aibu, ngoja niende kwanza."

Ameenda, tarehe 2 mwezi wa tisa 2025, saa nane ya muchana, mu hospitali, akiwa na miaka makumi tatu na saba.

Sasa ninyi wa ku benchi ya mwisho, inueni macho, mutafute taa, mukikosa kuiona musisikie aibu, Sylvestre mwanangu, nawe usilie hivyo, hakuna aliyekosa, mulipanda mahali ambapo yeye alikuwa ameacha udongo upumuzike, na neno lake la mwisho juu ya ukuta lilikuwa hili, "Waache malaika wao kule juu, wanirudishie giza pembeni ya taa", na kopo la rangi nyeusi liko kwa Bonaventure.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomuhangaikia, majirani wa Kalundu waliotulisha, wachoraji wenzake, na wabeba mizigo waliobeba jeneza hili toka barabarani bila utani hata kidogo.

Siku ya kumaliza kilio tutakuja wote na brosi, mikono ile ile iliyojaza ndiyo itarudisha giza, na Gloriose atakaa ku benchi ya mwisho, atuambie macho yake yameanzia wapi.

Amandine, mama, shamba lako tutalimaliza vile ulivyotaka, pumzika kwa amani.