Picha ya Mjomba Iliyopigwa Pasi

Benchi la kijiwe limerudi mahali pake, mbele ya duka la Pindo, fundi cherehani, lakini si benchi lile la zamani. Mafuriko yalilibeba hadi uwanja wa mpira, likakutwa limekwama golini, mguu mmoja haupo. Sasa mguu huo ni tofali. Ukutani nyuma yake kuna mstari wa tope unaofika kifuani pa mtu mzima, na mpaka leo hakuna aliyejisumbua kuufuta. Wateja wa benchi wote wapo, na midomo yao ipo. Asiyekuwepo ni muuza kahawa, aliyeitwa Mjomba na kila mtu bila kuwa mjomba wa yeyote. Maji yalimkuta kwenye chumba chake kidogo nyuma ya duka la Pindo, na hayakumwacha. Tangu wamzike, wazee wa kijiwe wanapika kahawa kwa zamu, kila zamu mbaya kuliko iliyotangulia.

— Hii ni kahawa, au umesuuza sufuria ukatuletea? aliuliza Kona, dereva wa lori aliyestaafu ila bado anakaa ameegemea upande mmoja kama yuko kwenye usukani.

— Zamu yangu hiyo, alijibu Chaji, fundi simu. — Yako tuliinywa, tukakaa kimya. Tukasema tuwastahi wafiwa.

— Wafiwa gani?

— Si sisi?

Hapo wote wakatazama vikombe vyao. Lilikuwa neno la kupita tu, lakini lilimchoma Pindo. Mjomba alizikwa na watu wa kijiwe na wapita njia. Hakuna ndugu aliyekuja, kwa sababu hakuna ndugu aliyejulikana. Simu yake Chaji aliifungua, akaianika, akaipuliza, haikuwaka. Kwenye kibao cha kaburi waliandika MJOMBA, basi, kwa kuwa hilo ndilo walilokuwa nalo.

Pindo alikuwa akishona kitufe, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye geti la shule. Ndani ya shule ile, katika darasa moja, kulikuwa na wageni wa kujitolea waliokuja na basi dogo kuwaosha watu picha zao zilizoharibiwa na maji. Walilala sakafuni, walikula walichojipikia, na kutwa nzima walikuwa wameinamia mabeseni. Leo walikuwa wanaondoka. Na mmoja wao alikuwa na picha ambayo Pindo alikuwa anaisubiri kuliko alivyowahi kusubiri kitu chochote.

— Hebu niambieni, alisema Kona. — Mimi nimeendesha lori nchi hii na za jirani. Nimeona watu wakisafiri kufuata mzigo, kufuata mwanamke, kufuata mganga. Sijapata kuona mtu mzima anapanda basi usiku kucha kwenda kuosha picha ya harusi ya mtu asiyemjua. Hata hakualikwa kwenye hiyo harusi.

— Wana nafasi tu, alisema Chaji. — Mtu nyumbani kwake mashine inafua, mashine inaosha vyombo. Mikono inamwasha.

— Chaji, wewe ni mtoto mdogo.

Aliyesema hivyo ni Spika, karani mstaafu wa mahakama, ambaye hajawahi kuanza kuzungumza bila kwanza kuwanyamazisha wenzake.

— Picha ya familia inapigwa wapi? aliendelea Spika. — Mbele ya nyumba. Nyuma ya bibi kuna nini? Uzio. Kando ya uzio? Mti wa mpaka. Hawa wanasoma mipaka yetu, bwana. Sasa hivi uzio wote umekwenda na maji. Nani anajua kiwanja changu kinaishia wapi? Wao. Wameniosha mpaka nimetakata, wamejua kila kitu.

— Yangu niliyowapelekea nimepiga baharini, alisema Kona.

— Basi wamejua hata bahari yako inaishia wapi.

Walicheka kidogo. Tangu mafuriko kicheko cha kijiwe kilikuwa kinafika nusu, kinarudi.

— Mimi niwaambie kitu cha kitaalamu, alisema Chaji, akisogea. — Wanakusanya sura. Picha ikishakauka wanaipiga picha nyingine, inaingia kwenye kompyuta. Huko wanaunganisha pua ya huyu na macho ya yule, anatoka mtu mpya. Siku moja utawasha televisheni, umkute marehemu baba yako anatangaza dawa ya meno, na maisha yake yote hakuwa na meno.

— Baba yangu alikuwa na meno, alisema Kona.

— Mfano tu.

— Usitolee mfano meno ya baba yangu.

— Mnakaa juu juu tu, alisema Spika. — Jiulizeni lile bwawa la juu lilifunguliwa na nani. Mimi sisemi neno. Nasema tu kwamba mtu akitaka kuona picha zako zote, na wewe umezifungia sandukuni, njia ni moja. Alete maji.

— Yaani tulifurika kwa ajili ya albamu? aliuliza Chaji.

— Sijasema. Wewe ndiye uliyesema.

Kona aliegemea kwenye kona yake isiyoonekana.

— La kwangu ni jepesi. Kuna mtu wanamtafuta. Pengine ni bwana harusi aliyekimbia, sijui. Ndugu zake wamegawana nchi nzima, kila penye mafuriko wapo, wanaosha nyuso za watu mmoja mmoja mpaka wamkute. Sisi tunadhani tunasaidiwa, kumbe tunakaguliwa.

Pindo alijichoma sindano. Hakupiga kelele, alinyonya kidole. Kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatafuta mtu.

Maji yalipopungua, alikuwa akichota tope kwenye chumba cha Mjomba, akakuta kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani ya kopo mlikuwa na bahasha ya picha, zimegeuka uji, isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa imelowa na kujikunja, lakini watu walionekana. Pindo alifurahi. Alisema moyoni, hapa ndipo nitakapowapata watu wake. Kisha akafanya kile ambacho fundi cherehani pekee angefanya. Aliilaza picha juu ya meza ya kukatia, akaifunika kwa kitambaa kibichi, akapitisha pasi ya mkaa polepole, kama anavyonyoosha kola ya bwana harusi. Aliponyanyua kitambaa, kitambaa kiliondoka na uso wa mtu.

Alikaa chini ya meza yake kwa muda mrefu. Baadaye akachukua picha na kitambaa pamoja, akavuka barabara. Mama mmoja mwenye aproni aliipokea kwa mikono miwili, hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba atajaribu, na kwamba ataileta mwenyewe kabla hawajaondoka. Kijiweni Pindo hakumwambia mtu.

— Pindo, mbona leo umemeza ulimi? aliuliza Chaji. — Wewe unasemaje kuhusu hawa wageni?

— Sisemi kitu.

— Huyu naye ameshaoshwa, alisema Spika.

Geti la shule lilifunguliwa. Mama yule alivuka barabara bila aproni, begi begani, bahasha ngumu kifuani. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimekunjamana kwa maji. Alisalimia, wakaitikia wote kwa adabu, wakasogea kumpa nafasi upande usio na tofali. Chaji alimmiminia kahawa. Alikunywa, akameza, na hakusema kitu kuhusu ladha yake.

— Mama, samahani, alisema Spika, ambaye hawezi kujizuia. — Tulikuwa tunajadiliana hapa. Nyinyi hasa mmetumwa na nani?

— Hatukutumwa. Mimi nimechukua likizo yangu ya mwaka.

— Likizo? Ukaja kuosha picha?

— Kwetu pia maji yalipita, kabla ya kwenu. Kuna watu walikuja.

Spika alingoja aendelee. Mama alikiweka kikombe chini.

Mama alimgeukia Pindo, akampa bahasha.

— Tumefanya tulichoweza, kaka yangu. Kitambaa nacho tulikijaribu. Kilikataa.

Pindo alitoa picha. Wote waliinama juu yake. Alikuwepo mwanamke amekaa kwenye kiti, kitenge chake kimerudi rangi, anajizuia kucheka. Kulikuwa na msichana amesimama wima kama yuko mstarini shuleni, na mtoto mdogo zaidi ambaye hakuitazama kamera. Alikuwa ameinua kichwa kumwangalia mwanamume aliyesimama nyuma yao. Mwanamume alikuwa na miguu, mikono na shati. Juu ya kola palikuwa peupe.

— Nani hawa? aliuliza Kona.

— Ilikuwa kwenye kopo la Mjomba, alisema Pindo. — Huyo alikuwa na uso. Niliipiga pasi.

— Uliipiga pasi picha?

— Ilikuwa imejikunja.

Kona alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo.

— Si mngemchorea tu uso, mama? aliuliza Chaji kwa sauti ndogo. — Wa kukadiria.

— Hatuchori. Tunasafisha kilichobaki.

— Basi utajuaje kama ndiye? alisema Spika. — Kopo linaweza kuwa la mtu mwingine, limeletwa na maji.

Pindo aliweka kidole kwenye mfuko wa shati.

— Tazama mistari. Ya mfukoni imekutana na ya kifuani, haijapishana hata kidogo. Nilikesha na huo mfuko. Alikuja akaniambia, fundi, nishonee shati zuri, nataka kwenda kupiga picha. Nikamtania, picha umpelekee nani, wewe mwenye birika tu? Akacheka.

— Akasemaje?

— Alisema kitu. Cherehani ilikuwa inalia. Sikusikia, na sikusimamisha cherehani.

Ilikuwa kweli, na Pindo aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni.

— Ndiyo safari ile, alisema Chaji polepole. — Alifunga biashara akaondoka. Tulimnunia kwa sababu ya kahawa. Aliporudi mimi nilimuuliza sukari iko wapi.

— Mimi nilimuuliza njia, alisema Kona. — Kama huko alikotoka kuna lami.

Wote walimgeukia. Kona anazijua barabara zote, akitajiwa daraja anakutajia kijiji. Pindo alimsogelea.

— Akakwambiaje, Kona? Alitaja wapi?

Kona alitazama barabara, akatazama picha.

— Alianza kunielekeza. Nikamkatiza. Nilitaka kumsimulia pale nilipoangukia na lori mlimani.

Akavua kofia, akaiweka magotini, akawa anaizungusha.

Mama alikuwa bado hajaelewa. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akarudi kwenye picha aliyoiinamia siku zote hizo akiisafisha kwa brashi laini, mpaka kitenge kikarudi rangi, mpaka mtoto akapata macho.

— Kwani huyu baba amefariki?

— Tumemzika hapa, alisema Pindo.

— Nyinyi ndio mliomzika?

— Sisi.

Aliweka kidole chake kilichokunjamana chini ya mwanamke, msichana na mtoto, bila kuwagusa.

— Na hawa wameshaambiwa?

Spika alitazama mstari wa tope ukutani. Chaji alinyanyua chupa ya kahawa, akaikuta tupu, akaiweka chini. Ng'ambo ya barabara basi dogo lilipiga honi, likapiga tena. Mama hakugeuka. Alikuwa bado anamtazama Pindo, akisubiri jibu.