Kapteni Alisema Atarudi?

Ndani ya taksi ya Mbarara, Mariette, mkimbizi mwenzangu wa kambi ya Nakivale, alikuwa akibishana na mwanajeshi asiyemjua juu ya filamu ya mfululizo ya watu wa angani.

“Kapteni anaacha bibi yake ku sayari, anasema atarudia. Nimeiangalia mara saba!”

“Mama, mtafsiri wa kibanda chenu cha video ameongeza chumvi. Mimi nasikia Kiingereza. Kapteni hapana sema kitu. Anapanda chombo, anaenda.”

Wakubwa kama kapteni huyo nawajua. Mke wangu alikufa akingoja sahihi yao ya kumpeleka hospitali.

“Bwana yangu iko Kanada miaka ine,” Mariette akafoka. “Leo ofisi ya wakimbizi inataka jibu: nimungojee, ao bafute jina yangu kwa dosie yake ya kunifikisha kule. Na wewe unaniletea Kiingereza!”

Taksi ikasimama kituo cha mwisho, karibu na ofisi hiyo.

“Pole, mama,” mwanajeshi akasema.

“Usinipe pole!”

Tukashuka wote, isipokuwa Mariette.