Kiti cha Wateja Wakubwa

Kwenye treni ya asubuhi, seremala aliyekaa mbele yangu alikuwa akimsimulia mama mshonaji, ingawa hata hawakuwa wakijuana. "Dada, viti vya chumba cha wateja wakubwa pale benki nimevitengeneza mimi. Juzi nimeenda kuomba mkopo wa mashine ya kuranda, miguu ikachoka, nikakaa kwenye kimoja. Mlinzi akaniinua."

"Na mkopo?"

"Riba yangu asilimia ishirini na nne. Mwenye maghorofa aliyekuwa anakunywa chai pale, tisa. Eti mimi ndiye wa hatari."

Neno hilo, "hatari", sisi wa benki huwa tunaliandika kwenye fomu za mikopo. Ndani ya treni lilisikika kama tusi. Nikaingiza kitambulisho changu cha benki ndani ya shati.

"Wao wanajenga, sisi tunawalipia saruji," mama akasema.

Seremala akainamisha kichwa. "Aibu yangu nyingine, dada. Nilipokaa, mguu wa nyuma wa kiti ulikuwa unacheza. Sikuukaza vizuri. Nikirudi kuukaza, watadhani nimekuja kubembeleza."

"Achana nao! Tajiri akianguka, si atainuka?"

"Kazi ya mikono yangu ile."

"Mikono yenyewe wameiheshimu?"

Nilitazama dirishani. Mlinzi alimwinua siku ile kwa sababu mimi, nyuma ya kioo, nilimpa ishara.

Treni ikasimama kituo cha benki. Seremala akasimama, bisibisi mfukoni, mama bado anamgombeza. Nami nilipaswa kushuka hapo. Nikabaki nimekaa, na hakuna aliyeniinua.